Maswali yenu: Kompyuta inasema kitabu kipo, shelfu inakataa

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nafanya kazi maktaba ya chuo kimoja huku Mwanza, vitabu vyote bado viko kwenye rejista na vikadi. Bosi anataka tuingie kwenye kompyuta halafu vile visivyoazimwa tuvitoe tupate nafasi ya viti. Hela ya programu hamna. Naanzia wapi? – Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba dada. Hela ya programu isikukoseshe usingizi, kuna Koha, ya bure kabisa, ilitengenezwa New Zealand ikaanza kazi mwaka 2000, na jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi. Utakachohitaji ni kompyuta ya kuwa seva, yaani ile inayobeba programu na rekodi zote, na fundi ambaye ukimpigia anapokea.

Usikae kuchapa kila kitu. Ingiza ISBN, ile namba ya utambulisho inayochapwa kwenye kitabu, Koha inaenda kuvuta taarifa za kitabu kwenye katalogi za maktaba kubwa kama Library of Congress ya Marekani, we unarekebisha tu. Vya kabla ya miaka ya 1970 vingi havina hiyo namba, tafuta kwa jina na mwandishi, na vya Kiswahili vingi utavichapa kwa mkono, hapo ndo jasho lilipo. Halafu ISBN sio alama ya nakala! Kopi kumi za kitabu kimoja zina ISBN ileile, so kila kopi bandika bakodi yake.

Ikishakaa sawa, pita shelfu kwa shelfu na skana, ile file ya bakodi ulizoskani unaipandisha kwenye Koha na programu inakutajia vilivyopotea, vilivyokaa sehemu sio yake, na vile vinavyosomeka vimeazimwa kumbe vipo vinakutazama. Na kwa vile kitabu kiko mkononi angalia na ukungu, unyevu wa ziwa huu unaujua.

Sasa la bosi. Mwambie polepole kwamba rekodi ya kuazima ni nusu ya habari, kwa sababu wanafunzi wengi wanasomea humohumo na kurudisha wenyewe. Waambie waache vitabu mezani, we viskani kama matumizi ya ndani kabla hujavirudisha, fanya hivyo hata mwaka mzima. Hapo ndo mtoe, mkianza na kopi za ziada. Kile kijitabu cha historia ya Usukuma chenye kopi moja, hata kama hakijaguswa tangu uajiriwe, kiache hapohapo.