Barua kwa Mwanangu: Yule Jackson wa Uwanjani

Mwanangu,

Salamu nimezipata, pamoja na picha ya bango la uwanja wa ndege wa Atlanta, Marekani. Umeuliza mawili kwa mpigo: huyo Jackson ambaye jina lake limeunganishwa na la Hartsfield, meya wa zamani, ni nani, na je, kuwapa Weusi wenzake tenda haukuwa upendeleo tu? Umemuuliza mtu aliyestaafia ofisi ya ununuzi ya kaunti, basi vumilia harufu ya mafaili.

Maynard Jackson alichaguliwa meya mwaka 1973 akiwa na miaka 35, Mweusi wa kwanza kuushika mji ule. Zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa Weusi. Lakini katika pesa zote ambazo mji uliwalipa wakandarasi na wauzaji, fungu lao halikufika hata asilimia 1. Sasa niambie wewe, mama, upendeleo ulianza lini?

Palikuwa na mpango wa kujenga jengo jipya la abiria, kazi ya karibu dola milioni 500. Jackson akataka robo ya kazi hiyo iende kwa kampuni za Weusi na wengine walio wachache nchini. Kampuni kubwa zikaja juu. Akajibu kwamba afadhali magugu yaote kwenye njia za ndege. Hapo ndipo ninapomheshimu. Asilimia hata mimi naweza kuiandika kabla chai haijapoa. Kuuzuia mradi ambao mji mzima unausubiri, hilo lina wenyewe. Tena hakuishia kwenye vibarua. Wakubwa waliambiwa waingie ubia na wadogo, ili jina la mdogo liwemo kwenye mkataba, ajifunze kupiga hesabu za kazi nzito, na kesho akienda kuomba mkopo awe na karatasi ya kuonyesha. Benki nazo zikaambiwa: wekeni Weusi kwenye bodi zenu, la sivyo amana za mji zitahama. Jengo likafunguliwa Septemba 1980, na jina lake likaongezwa uwanjani mwaka 2003, alipokwisha kufariki.

Walikuwepo waliolalamika kwamba walionona ni wachache wenye kujuana, na mitaa ya maskini ikabaki ilivyokuwa. Siwapingi. Kisha mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaubatilisha mpango kama huo wa mji wa Richmond, Virginia, uliotenga asilimia 30: mji uthibitishe kwanza ubaguzi ndipo utenge. Mpango wa Atlanta nao ukaanguka mwaka huohuo, na Jackson aliporudi kwenye umeya 1990 ikabidi ujengwe upya, safari hii kwa utafiti na ushahidi.

Asilimia 30 yetu hapa Kenya, ya zabuni za serikali, ilikuja 2013, kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Niliifurahia kweli. Nilikaa na akina mama hadi jioni nikiwaonyesha fomu inajazwaje. Kikundi kimoja cha washonaji kikashinda zabuni ya mashuka ya zahanati. Wakaleta kwa wakati, hesabu kamili, pindo zimenyooka. Nikatia sahihi ya kupokea.

Malipo yakachukua miezi kumi na minne.

Mwenyekiti wao alikuja kila Jumatatu. Anaketi kwenye benchi nje ya mlango wangu, bahasha ya kaki mapajani, pembe zimekwisha kulika kwa kushikwashikwa. Nami nasema, "Faili liko kwa mhasibu, mama, jaribu wiki ijayo." Wenye malori walilipwa katika miezi hiyohiyo. Nilijua faili la mashuka liko chini ya rundo gani, na ngazi za kwenda kwa mhasibu zilikuwa kumi na mbili tu. Sikuzipanda. Ningezipanda, ningeulizwa kikundi hicho ni cha nani wangu. Ripoti ya mwaka ule niliiandika mwenyewe: asilimia 30 imetimia. Na kweli ilitimia, kwa kuwa kilichohesabiwa ni zabuni iliyotolewa, si pesa iliyofika.

Pesa ilipoingia, cherehani mbili zilikuwa zimeshauzwa kulipa mkopo wa kitambaa. Yule mama akaja tena siku ya Jumatatu, bila bahasha. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru.

Baba yako