Anzeni na kura ya kufunga mjadala

Ndugu mnaoanza kazi ya kuwaandalia wapigakura wenzetu wa Marekani maelezo kwa Kiswahili, karatasi ya kwanza niliyoiandaa mimi ilikuwa na kosa, na kosa hilo lilitokana na kusoma, si kuandika. Ilihusu mswada wa haki za kupiga kura uliofikishwa mbele ya Seneti tarehe 19 Januari 2022. Nilifungua orodha ya kura, nikanakili majina ya waliosema ndiyo na waliosema hapana, na miongoni mwa waliosema hapana nikamkuta Chuck Schumer, kiongozi wa walio wengi, mtu aliyeupigia debe mswada huo kwa miezi mingi. Nikaandika kwamba aliupinga. Karatasi zilikuwa zimekwisha kugawiwa kwenye mkutano pale dada mmoja aliponivuta kando na kuniambia kwa upole kwamba nimekosea: kwa kanuni za Seneti, hoja ya kuirudia kura iliyoshindwa hutolewa na aliyekuwa upande ulioshinda, kwa hiyo kiongozi anayeona ameshindwa huhamishia kura yake upande wa pili ili mlango usifungwe kabisa. Matokeo yalikuwa 49 kwa 51, na moja katika hizo 51 ilikuwa hila ya kanuni tu.

Tangu siku hiyo siandiki jina la seneta kabla ya kujua ni kura ya nini. Miswada mingi mikubwa ya Seneti haifi kwa kukataliwa, hufa kwa kukosa kufungiwa mjadala. Hiyo ndiyo filibasta, yaani kuuzuia mswada kwa kutokubali mjadala wake ufungwe ili upigiwe kura ya mwisho. Wageni wengi wa jambo hili, nami nikiwemo zamani, hudhani ni seneta aliyesimama akihutubia mpaka miguu ivimbe, kama Strom Thurmond alivyofanya Agosti 1957 kwa saa 24 na dakika 18 kuupinga mswada wa haki za kiraia, ambao hata hivyo ulipita. Siku hizi ni nadra kumwona mtu wa namna hiyo. Tangu miaka ya 1970 Seneti ina utaratibu wa kuuweka kando mswada uliokwama na kuendelea na shughuli nyingine, kwa hiyo anayeupinga halazimiki kusimama wala kukesha, bali inatosha ijulikane kwamba kura 60 hazipo.

Hatua zenyewe zikaririni, maana mtaulizwa. Ombi la kufunga mjadala husainiwa na maseneta 16, huwasilishwa, siku moja ya kazi hupita katikati, kisha kura hupigwa. Kwa mswada wa kawaida zinahitajika kura 60, ambazo ni tatu ya tano ya maseneta wote 100, kiwango kilichowekwa mwaka 1975. Kabla ya hapo, tangu kanuni hiyo ilipotungwa mwaka 1917, zilitakiwa theluthi mbili. Ikifaulu, mjadala unaweza kuendelea kwa saa 30 zaidi, kisha huja kura ya mwisho, ambayo huhitaji wingi wa kawaida tu. Uteuzi wa majaji na wa maofisa wa serikali hauko tena chini ya sharti la kura 60, kutokana na mabadiliko ya mwaka 2013 na ya 2017, na baadhi ya miswada ya bajeti nayo ina njia yake ya pekee. Mengine yaacheni kwanza.

Jambo la kutulia nalo ni hesabu ya wasiokuwepo. Desemba 2010 mswada wa DREAM, uliokusudiwa kuwafungulia njia ya uraia vijana walioletwa Marekani utotoni bila vibali, ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 216 dhidi ya 198. Siku kumi baadaye, tarehe 18, ukafika Seneti ukapata 55 dhidi ya 41, ukafa. Nilipoyaeleza haya mkutanoni, mzee mmoja aliyetoka Bukavu, ambaye mjukuu wake ni kijana wa aina hiyo hiyo, alihesabu kwa vidole, akauliza: «Mwalimu, 55 na 41, hapo aliyeshinda ni nani?» Halafu akaongeza kwamba jumla yake ni 96, je, hao wanne walikuwa wapi? Lilikuwa swali bora kuliko karatasi yangu yote. Kwa kuwa zinahesabiwa 60 kati ya maseneta wote, na si kati ya waliohudhuria, asiyepiga kura huufaa upande wa hapana sawasawa na aliyeipiga, lakini jina lake halimo kwenye orodha ya wapinzani. Katika karatasi zenu, basi, wapeni watoro safu yao wenyewe.

Zamani walilijua vizuri jambo hilo. Tarehe 10 Juni 1964, siku mjadala wa sheria ya haki za kiraia ulipofungwa kwa kura 71 dhidi ya 29, Clair Engle wa California, mgonjwa wa uvimbe wa ubongo ambaye hakuweza tena kusema, aliingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa, alinyanyua mkono akaonyesha jicho lake, kwa kuwa kwa Kiingereza jicho na «ndiyo» ya kibunge hutamkwa sawa. Ikahesabiwa.

Sasa rudini kwenye ile Januari 2022, kwa sababu usiku ule zilipigwa kura mbili, na mpigakura anazihitaji zote. Ya kwanza, ya kufunga mjadala, ni ile iliyonitia aibu. Ya pili ilitaka kanuni ilegezwe ili mswada huo upite bila kura 60, ikashindwa 48 kwa 52. Joe Manchin wa West Virginia na Kyrsten Sinema wa Arizona waliunga mkono ya kwanza na kuikataa ya pili. Seneta wa namna hiyo aweza kuwaambia watu wake, bila kusema uongo, kwamba alisimama na mswada. Mimi simwiti mnafiki, kwa kuwa hoja ya kulinda sauti ya walio wachache ina uzito wake, na chama kilicho na wingi leo kesho hujikuta wachache na kuikumbatia kanuni ile ile kilichoilaani. Ninachodai ni kwamba kura zote mbili ziandikwe, moja chini ya nyingine.

Pembeni ya kila jina andikeni pia mwaka ambao muhula wake unakwisha. Muhula wa seneta ni miaka sita, na kila baada ya miaka miwili ni takriban theluthi moja tu wanaorudi kwa wananchi. Kay Hagan wa North Carolina aliupinga mswada wa DREAM mwaka 2010, na hakusimama tena mbele ya wapigakura hadi Novemba 2014. Manchin na Sinema mihula yao iliisha Januari 2025, na kwa kuwa hakuna kati yao aliyegombea tena, wapigakura wa Arizona na West Virginia hawakuyakuta majina yao kwenye karatasi ya kura ya 2024, iwe kwa kuwashukuru au kwa kuwaadhibu.

Ndiyo maana simu hupigwa kabla ya kura. Mkipiga, msiulize kama seneta anaunga mkono mswada, kwa sababu kijana wa ofisini atawajibu kwamba bado unasomwa. Ulizeni atapigaje kura ya kufunga mjadala, na kama atakuwepo siku hiyo, kisha andikeni jibu pamoja na tarehe na saa.