Umepewa kifungo cha nje? Usijifiche kama mimi

Juzi usiku kijana mmoja wa huku huku Kigoma kanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo. Nimepigwa kifungo cha nje miezi minne. Nina mzigo wa kupeleka Kalemie, kule Kongo, siku tano tu nimerudi. Nikienda kimya kimya watajua?"

Marahaba, mdogo wangu. Watajua. Ila mimi hainitishi wao kujua. Kinachonitisha ni utakavyokuwa wewe siku ya sita, na hiyo nitakusimulia kwa sababu nimeipitia.

Kesi yangu iliisha katikati ya Aprili 2024. Nilimpiga mwenzangu kafi la bega pale mwaloni Kibirizi, tukigombania mgao wa dagaa. Kosa nililikiri. Afisa probesheni, yule anayesimamia vifungo vya nje, alikuja nyumbani, akaongea na mama, akaongea na mwenyekiti wa mtaa, akapeleka taarifa mahakamani. Hakimu akasema adhabu yangu ni miezi sita, lakini ningeitumikia nje, chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ile inayogusa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Kazi za usafi kwenye kituo cha afya, saa nne kila siku, bila malipo. Unakubali? Nikakubali hata hajafunga mdomo. Nani anataka gereza la Bangwe?

Sasa sikia ujinga wangu. Mimi "saa nne" niliisikia kama saa nne asubuhi. Jumatatu nikafika na fyekeo langu saa nne kamili, kifua mbele, najiona mtu wa nidhamu kabisa. Saa sita wenzangu wakaweka vifaa chini, msimamizi akaniandikia saa mbili kwenye daftari. Sikuuliza. Kesho yake saa mbili, keshokutwa saa mbili. Ijumaa akajumlisha: kumi, badala ya ishirini. Akaniita mbele ya foleni ya akina mama wa kliniki: "Huyu mfungwa anatuibia hata kifungo chenyewe!" Wakacheka. Mmoja wao tulisoma naye darasa moja.

Nimeshasamehe. Ila hadi leo nikifika usawa wa lile geti navuka barabara.

Baada ya hapo nikawahi saa mbili asubuhi, nikatoka saa sita, mambo yakaenda. Ilikuwa mbalamwezi, na mvuvi wa dagaa, anayewavuta kwa taa gizani, wakati wa mbalamwezi hana kazi ya usiku. Analala kama watu wengine. Nikajidanganya kwamba nimebadilika. Kumbe ni mwezi tu ulikuwa unanisaidia.

Mwanzoni mwa Mei giza likaingia. Na halikuwa giza la kawaida: ziwa lilikuwa linafungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kutia wavu Tanganyika. Kila mwenye mtumbwi alitaka pesa ya mwisho. Tulikuwa tunatoka jioni na taa zetu, tunarudi alfajiri, dagaa bado wanarukaruka kwenye ndoo, mikono inanuka, macho yamevimba. Siku ya kwanza nilikosa kwenda kufyeka kwa sababu nililala. Siku ya pili kwa sababu nilikosa ya kwanza. Umenielewa hapo? Ya tatu hadi ya tisa sikuwa na sababu yoyote isipokuwa kuona aibu.

Ziwa likafungwa. Sasa sina wavu, sina usiku, nina mchana mzima wa bure, na bado sikwenda! Nilihamia kwa shangazi Ujiji, nikawa nashinda chini ya mwembe, pikipiki ikipiga honi naruka. Samansi ya kuniita mahakamani ilipofika nyumbani mama aliipokea kwa mikono miwili kama barua ya msiba.

Shangazi ndiye aliyeniamsha. Aliniambia, "Baba, hao walikutuma ufyeke nyasi. Hayo mengine yote umejituma mwenyewe." Akavaa kitenge chake cha harusini, tukaongozana hadi kwa afisa.

Nilitegemea matusi. Yule mama afisa akaniuliza swali moja: unavua usiku upi na upi? Hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Mahakamani hakimu naye akaniuliza nilielewa nini aliposema saa nne. Nikaeleza. Karani akainamisha kichwa kuficha kicheko. Hakimu angeweza kunipeleka ndani siku ile. Aliniongezea siku nilizokosa na kuniruhusu, ziwa likifunguliwa na giza likiingia, nifanye kazi saa saba hadi saa kumi na moja. Sikukosa tena hata siku moja. Daftari ninalo, nimelitunza pamoja na leseni ya mtumbwi. Ndiyo, mtumbwi, wangu mwenyewe.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Anthony Bottoms, aliandika mwaka 2001 kwamba mtu hufuata adhabu ya nje kwa njia nne: anapiga hesabu ya faida na hasara, anaona kweli inampasa, amebanwa hana pa kupenya, au ameshazoea tu. Mimi nimepita zote. Hofu ya jela ilinibeba wiki tatu. Mbalamwezi ilinibana bila mimi kujua. Kuulizwa kama mtu kulinifanya nione inanipasa. Mazoea yakamaliza yaliyobaki. Septemba nilikuwa naamka na kutafuta fyekeo kabla ya chai.

Kwa hiyo ndugu zangu mlio nje, nendeni mkaseme. Una safari? Kaseme. Umeugua, mtoto kaugua? Kaseme. Hukuelewa agizo? Kaseme, hata wakikucheka. Umeshakosa siku moja? Hapo ndiyo ukaseme mbio, maana ya pili iko mlangoni. Na nyie wasimamizi, mtu akiwa na fyekeo mkononi ana jina. Mwiteni jina lake. Kumwita mfungwa mbele ya watu kunamfukuza kazini upesi kuliko dagaa.

Yule kijana nilimjibu hivyo hivyo. Alinuna, akakaa kimya siku nzima. Leo mchana kaandika: "Kaka, nimeenda. Ameniuliza boti linaondoka lini."