Jina kuonekana mahakamani si kufukuzwa: barua kwa mwanangu Neema

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza utajuaje kama huyo anayeomba kupanga nyumba yako ya Houston amewahi kutolewa kwenye nyumba kwa amri ya mahakama, na kama ile ripoti ya historia ya wapangaji inayouzwa mtandaoni inatosha. Haitoshi. Kumbukumbu zenyewe ziko wazi kwa umma, nawe unaweza kuzisoma kwa macho yako ukijua pa kuzitafuta.

Hakuna daftari moja la Marekani nzima. Mfumo wa mahakama za shirikisho, PACER, hauna kesi hizi. Humo utakuta zaidi waliofilisika. Kesi za kumtoa mpangaji ni za majimbo. Kwenu Texas hufunguliwa kwa hakimu wa amani ("justice of the peace"), yaani hakimu wa ngazi ya chini, wa eneo ilipo nyumba. Texas ina kaunti 254, na kila kaunti ina maeneo kati ya 1 na 8 ya mahakimu hao. Harris, kaunti ya Houston, peke yake ina maeneo 8 na mahakama 16. Kwa hiyo usianze na jina la mtu, anza na anwani. Mwombe akuandikie kila mahali alipoishi kwa miaka 7 iliyopita, kisha utambue kila anwani iko kaunti gani. Aliyekuwa akikaa Sugar Land, kesi yake iko kaunti ya Fort Bend, na Harris hutaiona hata ukeshe.

Ukishajua kaunti, fungua ukurasa wa mahakama zake za mahakimu wa amani na utafute kesi za madai kwa jina la mdaiwa. Andika jina la ukoo na jina la kwanza tu, uache la kati, maana karani huenda hakuliandika. Rudia ukigeuza tahajia, ukipanga majina kinyume, na kwa jina la zamani kama mtu ameoa au ameolewa. Mwenye majina mawili ya ukoo mtafute kwa kila moja peke yake. Mfumo usipoonyesha kitu, usiridhike haraka: mpigie karani umuulize kumbukumbu zao za mtandaoni zinaanzia mwaka gani na kama zinajumuisha kesi zote.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumizwa, na ndipo nataka uwe mwangalifu zaidi. Jalada la kesi ya nyumba kwa kawaida halionyeshi tarehe ya kuzaliwa. Maria Garcia wa Houston ni wengi. Fungua hati ya madai yenyewe, usome anwani ya nyumba iliyodaiwa, uilinganishe na zile alizokupa mwombaji. Zisipokutana, hujapata ushahidi wowote juu yake. Ripoti nyingi za kununua hukosea hapohapo, kwa kuoanisha majina tu.

Ukishahakikisha ni yeye, soma jalada hadi mwisho wake. Kufunguliwa kesi ni hatua ya mwenye nyumba peke yake, na wapo wanaoifungua kila kodi inapochelewa ili mpangaji alipe haraka. Ukiona kesi tatu za anwani ileile, zote zimefutwa, huenda huyo alichelewa akalipa, hakufukuzwa. "Dismissed" maana yake imefutwa. "Nonsuit" maana yake mwenye nyumba ameiondoa mwenyewe. "Default judgment" ni hukumu iliyotolewa mdaiwa asipofika, na huenda alikuwa ameshahama akadhani mambo yamekwisha. Hukumu ya kurudisha nyumba ni nzito zaidi, lakini hata hiyo si lazima iliishia kwa mtu kutolewa. Tafuta kama hati ya kumtoa ilitolewa, na kama konstebo, askari anayetekeleza amri za mahakama hiyo, aliitekeleza. Angalia pia kiasi kilichodaiwa na tarehe yake. Deni la mwezi mmoja miaka 6 iliyopita silioni sawa na deni la miezi mitano la mwaka jana.

Usisahau rufaa. Texas mpangaji akikata rufaa, kesi husikilizwa upya kabisa katika mahakama ya kaunti, na jalada lake liko kwenye mfumo mwingine. Ukisoma ngazi ya chini tu, unaweza kumhukumu mtu aliyekwisha kushinda.

Ripoti yake ya mikopo ikiwa safi, isikutulize. Tangu 2017 kampuni kubwa za taarifa za mikopo ziliondoa hukumu za madai kwenye ripoti hizo. Kilichobaki ni deni lililopelekwa kwa wakusanyaji. Na mwombaji akitoka California, kukosa rekodi kuna maana ndogo: kule jalada hufichwa, na kwa kawaida hufunguliwa tu mwenye nyumba akishinda ndani ya siku 60.

Ukinunua ripoti licha ya haya yote, sheria ya shirikisho ya 1970 kuhusu ripoti za taarifa za watu ("Fair Credit Reporting Act") inakubana. Kesi ya zaidi ya miaka 7 kwa kawaida haitakiwi kuwemo. Ukimkataa kwa sababu ya ripoti, mpe taarifa yenye jina na mawasiliano ya kampuni iliyoitoa. Ana siku 60 za kuomba nakala bure, na akipinga kosa, kampuni kwa kawaida ina siku 30 za kulichunguza. Mimi ningemwonyesha nambari ya kesi na kumsikiliza kabla ya kuamua. Hati ya mahakama ya kuonyesha kesi ilifutwa huweza kupatikana kwa karani siku hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, andika vigezo vyako vya kuchagua mpangaji na umpe kila mwombaji pamoja na fomu, vilevile kwa wote. Sheria ya Texas inakutaka ufanye hivyo; usipofanya kisha ukamkataa, utarudisha ada ya maombi. Katika vigezo usiandike "awe hajawahi kushtakiwa". Andika hukumu ya aina gani, na ya ndani ya miaka mingapi.

Mama yako