Katoni inasema 4K, Netflix ukungu mtupu

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi huu mwezi wa tatu nina boksi la Android, nilinunua Kariakoo laki na ishirini, katoni yake imeandikwa 4K pande zote nne, nikaenda nikalipia na Netflix kile kifurushi cha juu kabisa nikajua hapa nimeula. Cha ajabu YouTube inatoka safi, yaani unahesabu majani ya mnazi, ila nikifungua Netflix nyuso za watu kama zimepakwa mafuta. Jamaa wa intaneti kaja kapima kakuta spidi ya Mbps 20, anasema si yeye. Mwenye duka anasema intaneti. Sasa nimkabe nani?
Msomaji, Tandika

JIBU: Salama mdogo wangu, pole. Jamaa wa intaneti mwachie aende zake. Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 zinatosha kwa picha ya 1080, ile ya HD kamili, na 15 kwa hiyo 4K, wewe una 20. Halafu ushahidi umeutoa mwenyewe, YouTube na Netflix zinapita waya huohuo, ingekuwa spidi zote mbili zingekuwa zinazunguka tu.

Shida imo ndani ya boksi. Netflix wanaogopa kuibiwa, kwa hiyo kabla hawajatuma picha nzuri wanaliuliza boksi lina ulinzi gani. Kwenye Android ulinzi huo unaitwa Widevine, ni wa Google, na una madaraja. L1 maana yake picha inafunguliwa kwenye chumba chenye kufuli ndani ya chipu, L3 inafunguliwa na programu tu, mjanja anaweza kuidaka njiani. Boksi likijibu L3 unapewa picha ya 480 basi, ndo huo ukungu wako, hata ulipe cha kifalme. Video za bure za YouTube haziulizi hayo mambo. Na kwa kweli katoni haijakudanganya, chipu inacheza 4K vizuri tu, ila imekwambia nusu ya habari.

Leo usiku shusha apu inaitwa DRM Info, nenda sehemu ya Widevine uone kama ni L1 au L3. Na hebu niambie, Netflix yako unaitembeza kwa kimshale kama cha mausi? Hiyo ni Netflix ya simu imepachikwa kwenye TV, mi hapo hata sihitaji apu nishajua. Ukikuta L3 usimpe hela fundi wa kuflashi, yaani wa kubadilisha programu ya ndani ya boksi, funguo za L1 zinawekwa kiwandani. Na kitufe chekundu cha Netflix kwenye rimoti si ushahidi, hicho yeyote anachapa.

Ila kinachoniuma mimi ni apdeti. Ingia setingi, kuhusu kifaa, soma tarehe ya apdeti ya usalama, nina wasiwasi utakuta ya miaka ya nyuma huko na haitasogea. Mimi nyumbani nina TV ya 2017, kioo kizima kabisa, lakini apu zimeng'oka moja moja kama meno ya babu, leo hii imekwambia toleo halikubaliki, keshokutwa nyingine, mpaka nimechomeka stiki nyuma na TV imebaki kuwa kioo tu. Hata wakubwa yanawakuta, Machi 2025 Chromecast, vile vidude vya Google vya kuchomeka kwenye TV, za toleo la 2015 ziligoma dunia nzima kwa mpigo, kumbe kuna cheti cha ndani, kama kitambulisho cha kidijitali, kilipewa miaka 10 na ikaisha! Google wakahangaika siku kadhaa wakatuma apdeti zikaamka. Sasa lako likigoma hivyo nani atahangaika, wakati hata jina la kiwanda halina? Boksi la Nvidia Shield limetoka 2015 na mpaka 2025 lilikuwa bado linaletewa apdeti, bei yake tu ndo inatoa jasho.

Kwa hiyo mwenye duka ndo wa kumuuliza, ila kistaarabu, huenda na yeye hajui anachouza. Siku ukinunua lingine usiulize 4K, uliza Widevine L1 na wawashe palepale dukani uone ile tarehe. Kwa sasa hamia kifurushi cha chini cha Netflix, unalipia 4K unaangalia 480 ya nini. Usishuke tu mpaka kile cha simu, hicho hakikubali TV.