Uliza Nia Kabla ya Kuhesabu Vikombe

Jumapili iliyopita, wanachama wa chama chetu walipokuwa wameketi sebuleni kwangu mtaani Umoja, mwanangu wa miaka tisa alibeba sinia ya vikombe sita bila kutumwa, akajikwaa kwenye zulia, na vyote vikavunjika. Nilimgombeza mbele ya wageni, kisha nikamnyima chai. Jioni hiyo hiyo dadake wa miaka mitano alipanda kabatini kudokoa sukari, akavunja kikombe kimoja, nami nikamwambia afagie tu. Kaka yake alinitazama akasema, "Mama, mimi nilikuwa nakusaidia."

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwasimulia watoto kisa kinachofanana na hicho: mmoja anafungua mlango na kuvunja vikombe 15 bila kukusudia, mwingine anavunja kimoja akidokoa jamu. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, watoto wadogo walielekea kumlaumu zaidi yule wa vikombe 15, ilhali wakubwa waliitazama nia. Binti yangu akihesabu vigae, umri wake unamruhusu. Lakini mimi, mtu mzima, nilivihesabu pamoja naye.

Nikiwa darasa la nne nilichapwa kwa dirisha ambalo sikulivunja, na hata ukweli ulipojulikana, mwalimu hakunitamkia neno la pole. Miaka thelathini imepita, na bado ninauma meno nikikumbuka. Ndiyo maana Jumatatu nilimketisha mwanangu mbele ya dadake, nikamwomba msamaha kwa kumtaja jina, na sioni haya kusema kwamba ninajivunia jambo hilo.

Mzazi mwenzangu, kabla ya kuadhibu, uliza: "Ulikuwa unataka kufanya nini?" Uliza kila mara, hata ukiwa na hasira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa katika nchi saba, ulionyesha kwamba watoto wa kote hukataa kupunjwa, ila kukataa kuzidishiwa kuliko mwenzako kulionekana katika nchi tatu tu, Uganda ikiwemo, na kwa watoto wakubwa. Uchungu wa kuonewa mtoto huupata upesi. Kuona uchungu wa mwenzake huchelewa, na sisi tusipomwonyesha kwa matendo yetu, ataujulia wapi?

Chama kinarudi kwangu mwezi ujao. Nimenunua vikombe vingine na kumwomba kijana abebe sinia. Amekubali, ila ametaka kwanza nilikunje lile zulia.