Mwalimu Roberta kabla ya sifa

SWALI: Mama, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Arua, na Jumapili napiga kinanda kanisani. Nina miaka 29, sijarekodi hata wimbo mmoja. Wenzangu wanasema muda umenipita. Nasikia Roberta Flack, yule mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, naye alikuwa mwalimu. Ni kweli? Alitokaje darasani?
Msomaji, Arua

JIBU: Ni kweli kabisa, mwanangu. Roberta alizaliwa 1937 huko North Carolina, Marekani. Akiwa na miaka 15 tu alipata ufadhili wa kusoma muziki Chuo Kikuu cha Howard. Baba yake alipofariki, aliacha masomo ya uzamili akaenda Farmville, huko huko North Carolina, kufundisha muziki na Kiingereza, kwa dola 2,800 kwa mwaka. Baadaye akafundisha Washington, na jioni akawa anawapigia piano waimbaji wa opera mgahawani.

Hapo naomba utulie kidogo. Kumpigia mwingine ni shule kubwa: unajifunza kumngoja avute pumzi, na kupunguza vidole ili maneno yasikike. Mimi nimesindikiza kwaya hapa Kampala tangu usichana wangu, na nikimsikiliza Roberta naisikia kazi hiyo. Hana haraka. Hapigi noti ya kujionyesha.

Mwaka 1968 alipata kazi ya kudumu Mr. Henry's, mgahawa wa mtaa wa Capitol Hill hapo Washington, akaacha ualimu. Watu walifurika hadi mwenye mgahawa akamtengenezea ukumbi ghorofani. Les McCann, mpiga piano wa jazi, akamsikia, akamuunganisha na kampuni ya kurekodi muziki ya Atlantic Records. Siku ya majaribio alipiga nyimbo takribani 40 kwa saa kama 3! Ndiyo maana albamu yake ya kwanza, First Take ya mwaka 1969, ilirekodiwa kwa saa 10 hivi. Nyimbo zilikuwa vidoleni tayari. Alikuwa na miaka 32.

Hata hivyo haikuvuma papo hapo. Mwigizaji Clint Eastwood aliutumia wimbo mmoja wa albamu hiyo kwenye filamu yake ya mwaka 1971, na mwaka uliofuata ukakaa namba 1 Marekani kwa wiki 6.

Basi usiache kazi sasa. Tafuta hoteli hapo Arua, omba usiku mmoja kwa wiki, hata kama malipo ni chakula tu. Na uandike orodha ya nyimbo unazozipiga bila kutazama karatasi. Ukishaimaliza, nitumie niione.